Unyumba wa Nyumba Mbili

Kiswahili kimeuita uhusiano wa mke na mume kwa jina la paa lao. Unyumba ni neno lililozaliwa na nyumba, na mtu atakaye kusema kuwa fulani na fulani hawakupatana tena husema kuwa unyumba wao umevunjika, kana kwamba kuta zenyewe zimeanguka. Lugha ina hekima zake, lakini ina na upendeleo wake pia. Katika jambo hili iliamua tangu zamani kuwa ndoa hukaa mahali pamoja, penye mlango mmoja, jiko moja, mtungi mmoja wa maji na kitanda kimoja. Je, watu wawili waliooana kwa hiari yao, wanaopendana, na wenye nyumba mbili katika miji miwili kwa kuwa kila mmoja ana kazi ambayo hawezi kuiacha, wana unyumba au hawana?

Swali hili halina mzaha kwa wanachuo. Wawili husoma pamoja, huahidiana, na pengine huvaa majoho siku moja. Kisha huja barua mbili. Ya kwanza yamwita mume ofisini Dar es Salaam; ya pili yamwita mke hospitalini Kigoma. Kati ya miji hiyo Reli ya Kati ina urefu wa zaidi ya kilomita 1,200, na mishahara ya watumishi wawili wapya haina mabawa. Jamaa wa pande zote mbili huanza kushauri. Aghalabu shauri ni moja, nalo hutolewa kwa upole: mke aombe uhamisho amfuate mwenziwe. Barua za namna hiyo zajulikana sana katika ofisi za serikali. Huandikwa kwa adabu, huambatanishwa na nakala ya cheti cha ndoa, na hungoja. Hapana katazo kwa mume kuiandika barua hiyo. Ni nadra tu jamaa kumpa yeye kalamu.

Wazee wanaokataa ndoa ya mbali hawakosi methali. Fimbo ya mbali haiui nyoka, husema mmoja. Asiyekuwapo na lake halipo, humalizia mwingine. Methali hizo ni za kweli katika mambo mengi. Walakini nchi iliyozitunga haikupata kuwa nchi ya waume wakaao nyumbani. Kaskazi ilipoanza kuvuma, karibu na mwezi wa Desemba, majahazi ya Arabuni na Uhindi yalishuka hata Lamu, Mombasa na Unguja. Kusi ilipoingia yakapanda kurudi yalikotoka. Upepo ndio uliokuwa hakimu wa nani alale wapi. Nahodha na mabaharia wake walikaa miezi mingi mbali na wake zao, wala hakuna aliyewaambia kuwa ndoa zao ni za mashaka. Barani, katika karne ya 19, Wanyamwezi walijitwika pembe za ndovu wakatoka Unyamwezi kwa miguu hata Bagamoyo, safari ya miezi, na kijana aliyerudi salama alipata heshima kijijini. Wakati wa ukoloni manamba walitolewa mikoa ya mbali kwenda kukata mkonge wa Tanga, na wengi wao waliwaacha wake zao wakilima peke yao. Hao wote walikuwa fimbo za mbali. Mume aliyekwenda aliitwa msafiri, na mke aliyebaki aliitwa mvumilivu. Majina yote mawili ni ya sifa.

Umbali basi ni mkongwe. Kilicho kipya ni kwamba mke naye ana safari. Atokapo yeye, lugha humwendea kwa maneno mengine. Haisemwi kuwa amesafiri kikazi; husemwa kuwa amemwacha mumewe, au kuwa mumewe amemwachia. Katika vinywa vya majirani tofauti ya maneno hayo yatosha kuwa hukumu. Mume abakiye hapewi sifa ya uvumilivu; huonewa huruma, na mama yake huanza kumtumia chakula.

Mfano mmoja ulio wazi, kwa kuwa mambo yake yameandikwa na tarehe zake zajulikana, watoka mbali na pwani hii. Ni wa wanafizikia wawili wa China waliokutana Marekani. Chien-Shiung Wu alizaliwa mwaka 1912 katika Liuhe, mji mdogo ulio karibu na Shanghai. Baba yake alikuwa mtu wa fikira mpya, akaanzisha shule ya wasichana wakati ambapo wengi waliona kuwa elimu ya binti ni mali iliyotupwa. Binti huyo alianza kuishi mbali na kwao mapema: alikuwa na umri wa miaka 11 alipopelekwa shule ya bweni katika mji wa Suzhou. Mwaka 1936 alipanda meli Shanghai kwenda kusoma Marekani, na jamaa zake wakamsindikiza. Hakuwaona wazazi wake tena. Vita vya Japani, kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe, kisha siasa za dola mbili zisizosemezana, vilifunga njia hata wazee wote wawili wakafa. Alipoikanyaga China tena ulikuwa mwaka 1973. Atakayemhukumu mwanamke huyu juu ya kukaa mbali na watu wake hana budi kujua kwamba aliujua uchungu wa umbali kuliko hakimu wake.

Huko Berkeley alikutana na Luke Yuan, mwanafizikia kijana, ambaye ndiye aliyemtembeza katika maabara siku za kwanza. Wu alikuwa amekusudia kwenda chuo kingine. Alipoiona maabara ile, akabaki. Kuna wachumba ambao huonyeshana bustani na bahari. Hawa walionyeshana mashine ya kuvunjia atomu, na pengine hapo pana siri ya mambo yote yaliyofuata. Yuan alihamia Pasadena kwa ajili ya masomo, Wu akabaki Berkeley, na kila mmoja alipata shahada yake ya udaktari mwaka 1940. Walioana tarehe 30 Mei 1942 katika nyumba ya mwanafizikia Robert Millikan. Bahari ya Pasifiki ilikuwa uwanja wa vita, na hakuna mzazi wa upande wowote aliyeweza kuhudhuria.

Mara tu baada ya harusi umbali ukaanza. Yuan alipata kazi ya utafiti wa rada katika kampuni ya RCA, mjini Princeton. Wu alikwenda kufundisha katika Smith College, chuo cha wanawake huko Massachusetts, wakawa wanakutana New York mwisho wa juma. Kazi ya Smith ilikuwa ya kufundisha peke yake, haikuwa na utafiti, na mtu aliyezoea maabara alikuwa kama mvuvi aliyepewa duka la samaki. Mwaka 1943 alipewa kazi Princeton. Alikuwa mwanamke wa kwanza kufundisha katika idara ya fizikia ya chuo hicho, ambacho wakati ule hakikuwapokea wasichana katika shahada ya kwanza, wala hakikuanza kuwapokea hata mwaka 1969. Mke na mume wakawa katika mji mmoja. Raha hiyo haikutimiza mwaka. Mwezi wa Machi 1944 Wu aliitwa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kwa utafiti wa vita. Akakaa bwenini siku za kazi na kurudi Princeton mwisho wa juma.

Mwenye kusoma habari hizi kwa haraka ataona watu wawili wasiotulia. Akizisoma kwa utulivu ataona jambo jingine. Kila mara mmoja alipoondoka, aliondoka kwenda kwenye kazi iliyomfaa zaidi, na yule aliyebaki hakuifanya safari hiyo kuwa deni. Vita vilipokwisha Wu alibaki Columbia. Mtoto wao wa pekee, Vincent, alizaliwa mwaka 1947. Mwaka 1949 Yuan alipata kazi katika maabara ya Brookhaven, iliyo kwenye Long Island, mwendo wa kilomita mia moja hivi kutoka Columbia. Kwa hiyo kazi mbili za nyumba hiyo zilikaa mbalimbali kwa miaka mingi.

Jaribio la ndoa yao lilikuja mwaka 1956. Katika masika ya mwaka huo Tsung-Dao Lee, mwenziwe Wu wa Columbia, alimjia na swali. Wanafizikia waliamini kuwa maumbile hayabagui kulia na kushoto, yaani kuwa tukio lolote na sura yake katika kioo hufuata kanuni zile zile. Lee na Chen Ning Yang walianza kushuku kuwa katika aina moja ya nguvu zilizomo ndani ya kiini cha atomu huenda imani hiyo si kweli, na waliona kuwa hakuna mtu aliyepata kuipima. Wu alijua namna ya kuipima. Lakini yeye na Yuan walikuwa wamekwisha kata tikiti za meli Queen Elizabeth kwenda Ulaya, kisha Mashariki ya Mbali. Ilikuwa miaka ishirini tangu kila mmoja alipotoka China, nao walitaka kuiadhimisha pamoja. Wu alihofu kuwa akiondoka, mwingine ataliona swali lile na kulijibu kabla yake. Alimwomba mumewe aende peke yake. Yuan akaenda peke yake.

Habari hii yafaa kutazamwa kwa uangalifu, kwa kuwa ni rahisi kuipamba. Hakuna ajuaye maneno waliyoambiana usiku ule, wala si lazima kudhani kuwa yalikuwa matamu. Miaka ishirini ya kungoja si jambo dogo la kumwachia mtu kibandani melini. Lakini Yuan alikuwa mwanafizikia. Mkewe alipomweleza swali, alilielewa. Mume wa kazi nyingine angeweza kupenda vile vile na asielewe, na mapenzi yasiyoelewa hugeuka manung'uniko upesi.

Chombo cha kuzalisha baridi kali iliyohitajiwa hakikuwapo Columbia, kilikuwapo Washington. Wu alifanya kazi na Ernest Ambler na wenziwe wa taasisi ya vipimo ya serikali, wakaipoza kobalti 60 hata ikakaribia mwisho wa baridi ambao maumbile huuruhusu, wakahesabu elektroni zilizotoka. Muda wote huo Wu alikuwa akifundisha New York. Kwa hiyo alipanda treni kwenda Washington na kupanda treni kurudi, na nyumbani alikuwapo mtoto wa miaka tisa. Mkesha wa Krismasi ya mwaka 1956 theluji ilifunga kiwanja cha ndege, akarudi New York kwa treni, amechoka, na katika mkoba wake mlikuwa na matokeo: elektroni nyingi zilielekea upande mmoja kuliko mwingine. Kioo kilikuwa kimevunjika. Alimwambia Lee, kisha akarudi Washington kuhakikisha tena. Tarehe 15 Januari 1957 Columbia ilitangaza habari hizo kwa waandishi, na mwezi wa Oktoba Lee na Yang wakapewa Tuzo ya Nobel. Wu hakutiwa. Alikuja kupewa Tuzo ya Wolf mwaka 1978. Na mshahara wake haukufanywa sawa na wa wanaume wa cheo chake hata mwaka 1975, mwaka ule ule alipokuwa rais wa chama cha wanafizikia wa Marekani.

Baadhi ya watu husoma kisa hiki na kusema, haya basi, aliacha safari na mumewe, na tuzo hakuipata. Huo ni uhasibu wa ajabu. Hapana amwambiaye baharia aliyerudi bila lulu kwamba ingalimfaa abaki nyumbani.

Yafaa kumweka kando yake mwanamke mwingine wa fizikia, ambaye hakukaa mbali na mumewe kwa ajili ya kazi yake. Maria Goeppert alipata udaktari wake Göttingen, Ujerumani, mwaka 1930, na mwaka huo huo akaolewa na Joseph Mayer, mkemia wa Kimarekani, wakaenda Baltimore ambako mume alikuwa na kazi ya chuo kikuu. Kanuni za wakati ule zilikataza chuo kuwaajiri watu wa nyumba moja. Maria alipewa chumba na kazi ndogondogo, asipewe cheo. Walihamia Columbia mwaka 1939: mume kwa mshahara, mke kwa hisani. Walihamia Chicago mwaka 1946: akaitwa profesa, lakini profesa wa kujitolea, na riziki yake ilitoka katika kazi ya nusu siku kwenye maabara nyingine. Katika hali hiyo aliandika nadharia ya matabaka ya kiini cha atomu, ambayo kwa ajili yake alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1963. Cheo kamili cha uprofesa chenye mshahara wake alikipata California mwaka 1960, miaka thelathini baada ya udaktari.

Nyumba ya Mayer ilikuwa na mlango mmoja. Jirani yeyote angeisifu. Gharama ya mlango huo ililipwa na mtu mmoja, kwa miaka thelathini, na kwa kuwa ililipwa ndani ya nyumba hakuna aliyeiona kuwa gharama. Nyumba ya Wu na Yuan ililipa gharama yake njiani, mbele ya watu, kwa tikiti za treni na meli, na kwa hiyo kila mtu aliweza kuihesabu. Hapa ndipo wanaoshauri juu ya ndoa za mbali hukosea mara kwa mara. Hupima hasara ya kukaa mbali kwa mizani, lakini hasara ya kukaa pamoja huichukua kuwa ni desturi. Barua ya uhamisho ikikubaliwa, muuguzi aliyeacha wodi yake Kigoma akaja kungoja nafasi Dar es Salaam, akangoja mwaka, akangoja wa pili, akaishia kuuza vitenge barazani, jamaa husema kuwa ndoa imeokolewa. Pengine imeokolewa kweli. Hakuna anayemwuliza muuguzi.

Hata hivyo haifai kuifanya ndoa ya mbali kuwa wimbo. Ina kasoro zake, na kasoro kubwa si ile inayotajwa sana. Watu hutaja uzinzi kwanza, kana kwamba uzinzi haujui kukaa chini ya paa moja. Kasoro iliyo ya ndani zaidi ni adabu. Mwenye kuja Ijumaa usiku hukuta nyumba imefagiliwa kwa ajili yake. Hupikiwa chakula akipendacho, hupewa kiti chenye mto. Asubuhi ataka kujipikia chai, anasimama katikati ya jiko lake mwenyewe na kuuliza sukari iko wapi. Ilikuwa rafu ya juu. Mwezi uliopita imehamishwa kwa sababu ya siafu. Hakuna kosa hapo. Lakini siafu walikuja, wakapigwa vita, wakashindwa, na yeye hakuwa na habari. Simu za siku hizi huonyesha hata uso wa mtu, na wawili hao huzungumza kila usiku. Walakini nani atapiga simu kusema habari za siafu? Husimuliana mambo makubwa, mshahara, ugonjwa, mtihani wa mtoto, na mambo madogo yaliyo ndiyo umbo la siku hupita bila shahidi.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mume au mke wa mwisho wa juma huja Ijumaa na kuondoka Jumapili. Siku ya tatu haimkuti. Hukaa miaka akikirimiwa, na jembe halimfikii. Kwa kuwa siku ni mbili tu, hakuna mmoja wao atakaye kuziharibu kwa ugomvi. Neno lililomuuma mke Jumatano hulimeza Ijumaa, na deni ambalo mume alilificha huendelea kufichwa, maana atawezaje kulitoa mezani penye pilau? Nyumba huwa tulivu sana. Mpita njia husikia kicheko. Ni amani ya watu wawili ambao kila mmoja amchelea mwenziwe kama mgeni wa heshima, na ndoa nyingi za namna hii, zivunjikapo, huvunjika bila kelele, kwa mshangao wa majirani waliokuwa wakizitolea mfano.

Mtoto huiona hali hiyo mapema kuliko wakubwa. Mzazi aliye mbali huwa mzazi wa zawadi, na aliye karibu huwa mzazi wa makatazo. Mmoja hufungua mkoba, mwingine hukagua madaftari. Haki ya mapenzi haigawanyiki vizuri hapo, na yule wa makatazo huumia zaidi, ijapokuwa husema kuwa haumii.

Kuna na mtu mwingine, ambaye habari za wasomi wa ndoa za mbali humsahau. Nyumba yenye kazi mbili katika miji miwili haisimami yenyewe. Kama hakuna bibi wala shangazi, yupo dada wa kazi, msichana au mama kijana aliyetoka Singida au Iringa, ambaye huamka kabla ya wote, humvika mtoto nguo za shule, na hujua sukari iko wapi. Naye ameacha kwao. Huenda ana mtoto wake mwenyewe aliyebaki kijijini, huenda ana mume anayevua au kuchimba mahali pengine. Yeye pia amekaa mbali na wake kwa ajili ya kazi. Lakini hakuna ahesabuye kuwa ana kazi ya kujiendeleza, wala hakuna mkutano wa wasomi uliojadili unyumba wake. Mke msomi asikitikaye kwa haki kuwa safari yake haiitwi safari angefanya vema kutazama safari ya huyu naye imepewa jina gani nyumbani mwake, na ujira gani.

Sheria imekuwa na busara kuliko methali katika jambo hili. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 haikuufanya mlango mmoja kuwa kiini cha ndoa. Iliitaja kuwa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, wenye kukusudiwa kudumu maisha yao yote. Ni kweli kwamba inauheshimu ukaaji wa pamoja: mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi, hata watu wakawajua kuwa ni mke na mume, huchukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe kinyume. Paa basi laweza kuleta dhana ya ndoa. Lakini kukosekana kwa paa moja hakuivunji. Atakaye talaka kwa hoja ya kutelekezwa hana budi kuonyesha miaka isiyopungua mitatu, na tena kuwa mwenziwe alimwacha kwa makusudi. Hakimu hutazama nia, hapimi kilomita. Mke aliye Kigoma na mume aliye Dar es Salaam, wenye kuandikiana na kutumiana na kungojeana, hawakutelekezana, hata kama jirani amekwisha kuwahukumu.

Lililo gumu ni kuishi kwa nia hiyo katika siku ambazo hazina hakimu. Kodi za nyumba ni mbili, vitanda ni viwili, sufuria ni mara mbili, na nauli hula kile ambacho kingejenga. Wapo wanaojiwekea mwisho, miaka mitatu au minne, kisha mmoja atahama. Na kabla ya kuanza hukubaliana ni nani, ili barua ya uhamisho isiangukie mkono uliozoea kuandika. Wapo wanaopokezana, mmoja akifuata leo na mwingine kesho. Wapo pia wasiopanga neno, na umbali huwapangia.

Sheria ya kazi ya Tanzania humpa mtumishi siku 28 za likizo kwa mwaka. Wengi huzitumia kwa misiba, harusi na kwenda kuwaona wazazi, na katika ndoa za mbali jamaa hudhani kuwa siku hizo ni zao kwa haki. Mama mmoja mwenye umri, mkunga aliyestaafu, ambaye mumewe alifanya kazi mbali naye kwa sehemu kubwa ya maisha yao, alikuwa na kanuni moja na aliwapa wanawake wadogo bila kuombwa. Aliwaambia likizo isigawanywe. Mume akija, akae zote. Siku mbili za kwanza apikiwe. Ya tatu apewe ufunguo wa stoo, orodha ya sokoni na mtoto mwenye homa. Kwake yeye, alisema, siku ya nne au ya tano ndipo walipokuwa wakigombana, kila mwaka, juu ya bati linalovuja au fedha alizopewa shemeji, kwa sauti ambayo majirani waliisikia hata ng'ambo ya barabara. Watoto walijificha nyuma ya nyumba. Kisha mzee yule hupanda juu ya paa na nyundo, huku bado akinung'unika, naye humshikia ngazi.